Shukrani kwa Mambo ya Kila Siku

Mwezi wa Juni, baridi ilipokuwa kali sana huku kwetu Mbeya, niliwapa watoto wa darasa la tano kazi: kila mmoja aandike jambo moja analolishukuru. Wengi waliandika makubwa. Huyu alipona homa, yule kaka yake alipata kazi Dar es Salaam. Mvulana mmoja, ambaye babaye ni dereva wa lori liendalo Tunduma, aliandika maneno haya tu: “Jana baba alirudi, tukala.” Nilidhani ni uvivu. Nikashika kalamu nyekundu nimwamuru aongeze, kisha mkono wangu ukasita.

Maana nilikumbuka habari za vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo wazee wetu hawakuvianzisha wala hawakuulizwa shauri. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa katika Afrika ya Mashariki, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na njaa. Mwezi wa Oktoba 1918 jeshi la Wadachi lilipita Ubena, Waingereza wakilifuata, hata von Lettow-Vorbeck akaweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Na katika majira hayohayo yakaja mafua yale makuu yaliyoenea duniani. Je, nani alilima? Wenye nguvu walikuwa wamebeba mizigo ya wengine, na nafaka ya ghalani ililiwa na askari. Katika nyumba nyingi maneno yale ya mtoto, “baba alirudi, tukala,” hayakusemwa tena.

Basi nikaazimu kulisomea darasa zima sentensi ile. Lakini kwenye benchi lilelile hukaa msichana ambaye babaye alikufa, naye halelewi na mwingine ila bibi yake. Nikafunga madaftari yote, nikaenda zangu nyumbani, na swali likanifuata njiani: Je, ni halali mtu kushukuru kwa sauti mbele ya aliyenyimwa?

Kushukuru kwa sababu jirani amekosa si shukrani, ni majivuno. Ndivyo alivyoomba yule Farisayo. Wako wasemao, kwa hiyo afadhali kunyamaza. Mimi sikubali. Anyamazaye huzoea, na aliyezoea hudhani ugali umejiotea sahanini. Lakini ashukuruye kwa haki huhesabu mikono: mama aliyeteka maji kabla ya jua, fundi aliyekaza breki za lori, hata mtoto mdogo aliyechochea moto huku akilia kwa moshi. (Wangu hulia hata pasipo moshi.) Na mwenye desturi ya kuhesabu mikono nyumbani mwake huona upesi nyumba ambayo mkono mmoja umepungua, naye hapiti mlangoni pake kama kipofu.

Usiku nikayafungua tena madaftari. La msichana yule nilikuwa sijalisoma. Ameandika: “Nashukuru kwa kuwa kila jioni bibi huniita niingie ndani, baridi isinipate.”

Asubuhi niliwaomba ruhusa wote wawili, wakakubali. Nikazisoma sentensi zote mbili, ya msichana kwanza.