Kirusi Kigeukacho na Khabari Zigeukazo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha na dawa yake; na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumeona yatupasa kusema machache juu ya khofu inayoingia katika miji yetu ya pwani kila inapotajwa kwamba kumezuka kirusi kipya, au kwamba kile cha zamani kimegeuka. Khofu hii haikai kwetu peke yetu. Hupanda hadi kwa ndugu zetu wa bara, Nyeri na Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, ambako Waislamu ni wachache na miongoni mwa wazee wao wa mwanzo walikuwamo watu waliotoka pwani hii kwa biashara, kwa upagazi na kwa uaskari, tangu Nyeri ilipofanywa kituo cha serikali mwaka 1902. Ndugu hao hutusikiliza. Neno likitoka pwani, huko hudhaniwa kuwa ni neno la dini. Basi na tuangalie ni neno gani tunalowapelekea.

Twaona watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja limeshikwa na khofu hata husadiki kila kinacholetwa na simu ya mkononi. Kundi la pili limedharau, husema: ikiwa ugonjwa wenyewe hubadilika kila mara, na chanjo ya jana haiutoshi ugonjwa wa leo, basi wataalamu hawajui wasemalo, sisi tuna Mungu, na hayo yatosha. Makundi haya yamekosana kwa maneno, walakini kosa lao ni moja, nalo ni kulihukumu jambo kabla ya kulijua.

Natuanze na jambo lenyewe. Kirusi ni kitu kidogo mno, na ndani yake mna maandishi ya namna yake, ambayo ndiyo amri za kutengeneza kirusi kingine mfano wake. Maandishi ya kirusi cha Korona yakaribia herufi 30,000. Peke yake kirusi hakiwezi kuzaana. Hakina budi kiingie katika mwili ulio hai, na humo hunakiliwa mara nyingi zisizohesabika. Sasa, kila mwenye kunakili hukosa. Wanakili wa misahafu wa Siyu, waliosifika katika pwani yote, walilijua hilo, na mwandishi mwaminifu huisoma tena nakala yake na kuisahihisha. Kirusi cha Korona nacho kina njia ya kusahihisha, lakini makosa mengine humponyoka. Mengi katika makosa hayo hayana athari yoyote, na mengine hukiharibu kirusi chenyewe. Ila mara chache hutokea kosa linalokipa wepesi wa kuambukiza, au la kuukwepa ulinzi wa mwili, na hicho ndicho huwashinda wenziwe na kuenea. Huko ndiko kugeuka kunakosemwa. Si jini, wala si dalili kwamba elimu imeshindwa.

Katika maelezo haya mna jambo moja kubwa, nasi twaomba lishikwe. Kirusi hakigeuki kikiwa hewani, wala juu ya meza, wala katika noti ya fedha. Hugeuka ndani ya miili yetu kinapozaana. Kila anayeambukizwa amekipa daftari jipya la kuandikia. Na kila anayejikinga amelifunga daftari moja. Kwa hivyo anayeuliza kirusi kitageuka lini tena, na ajiulize kwanza amekipa nafasi ngapi.

Tazama yaliyopita. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Wakasema watu kwamba jua kali hukiua, na wengine kwamba hewa safi ya mlimani hukizuia. Haikupita muda, tarehe 8 Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa safari za kutoka na kuingia, na Ramadhani ya mwaka 1441 tukasali tarawehe majumbani mwetu. Mwaka uliofuata kikaja kile kilichoitwa Delta, kilichojulikana kwanza Bara Hindi. Hapa Kenya kilitambulikana Kisumu mwezi Mei 2021, na ilipofika Julai na Agosti, Nyeri na jirani zake wa mlimani walikuwa katika dhiki. Kisumu iko ziwani, Nyeri iko chini ya mlima wenye theluji. Kipi kilichokipandisha huko? Si upepo. Ni pumzi za watu, katika magari yaliyojaa, masokoni, arusini na mazikoni.

Wala hili si geni. Homa kubwa ya mwaka 1918 iliingia Kenya kwa njia ya bandari ya Mombasa, mwezi Septemba, ikapanda bara pamoja na wasafiri. Iliwaumiza watu wa mlimani hata Wakikuyu, ambao huliita kila rika la tohara kwa jambo kubwa la wakati wake, wakaliita rika la miaka ile Kimiri, kwa jina la homa hiyo. Wakati ule maradhi yalitoka kwetu yakawafikia wao.

Na wataalamu walijuaje kwamba kirusi cha huku ni jamaa wa kirusi cha kule? Katika mji wetu wa Kilifi pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, ambako maandishi ya virusi husomwa herufi kwa herufi, kikalinganishwa hiki na kile, hata ikajulikana nani alitokana na nani. Elimu hii isingetushangaza sisi. Wanavyuoni wetu wa Hadithi walifanya vivyo hivyo tangu karne za mwanzo: hawakulipokea neno mpaka wajue fulani amelipokea kwa fulani, na kila mmoja wao ni mtu wa namna gani. Mlolongo ukikatika, neno liliwekwa kando.

Lakini tazama tulivyo leo! Mtu hupokea khabari asiyoijua baba wala mama, kwamba chanjo hukata uzazi, au kwamba fulani amepata dawa iliyofichwa na serikali. Huiongeza neno lake, akaipeleka Nyeri kwa shemeji yake, naye akaiongeza lake, akaipeleka Nanyuki. Ikirudi Mombasa hatuitambui tena, nasi huisadiki kwa kuwa imetoka mbali! Khabari nayo hugeuka kwa kupita vinywani, kama kirusi kinavyogeuka kwa kupita miilini. Na Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Sura al-Hujurat kuichunguza khabari ya mtu mwovu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila alisikialo.

Chanjo zilipofika Kenya mwezi Machi 2021, minong'ono ilikwisha kutangulia. Hata hivyo Nyeri ikawa miongoni mwa kaunti zilizotangulia kwa watu kuchanjwa, na baadhi ya kaunti za pwani zikabaki nyuma. Ni kweli kwamba kilipokuja Omikroni, mwishoni mwa mwaka 2021, wengi waliochanjwa waliambukizwa. Lakini chanjo iliendelea kupunguza ugonjwa mkali na mauti. Nani huacha kufunga mlango wake usiku kwa sababu mwizi hodari aweza kuuvunja?

Wapo watakaosema: haya ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Twawajibu kwa kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Alikuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni, akawashauri Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kikureshi, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwamba anatoka katika kadari Yake kwenda katika kadari Yake. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf na Hadithi ya Mtume, kwamba penye tauni tusiingie, na tuliomo tusitoke kwa kuikimbia.

Na Imamu Ibn Hajar, aliyefiwa na binti zake kwa tauni, ameandika kwamba huko Misri mwaka 833 wa Hijra watu walifunga siku tatu, kisha wakakusanyika jangwani kuomba dua. Kabla ya hapo waliokufa kwa siku hawakufika 40. Haukupita mwezi wakapindukia 1,000. Dua ni silaha ya Muumini, wala hatuikatazi. Tunalokataza ni kuikusanyia maradhi. Na zaidi twakataza kwenda kwa wauza hirizi na wapiga ramli, wanaolinunua shamba la masikini kwa kipande cha karatasi. Huo si utegemezi kwa Mungu. Ni kumtegemea mwingine.

Basi yatupasa mambo haya. Mwenye homa na kikohozi asihudhurie msikitini wala mazikoni, wala asipande gari kwenda kuwazuru jamaa wa Nyeri mpaka apone. Udhuru wake ni wa sharia. Wazee na wagonjwa wa muda mrefu wakingwe kwanza. Anayeshauriwa chanjo na tabibu mwaminifu asimwache kwa ajili ya msimulizi asiyejulikana. Na kila khabari ijayo iulizwe: nani kasema, na kaipata kwa nani? Ikikosa jibu, na ifie mkononi mwetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, wa pwani na wa mlimani, na atujaalie tuwe watu wa kuzuia shari isipite kwetu kwenda kwa wengine. Amin. Wabillahi tawfiq.