Dawa ya Mmea Ilikusudiwa Nani?

Mmea hauwezi kumkimbia mdudu anayeutafuna, kwa hiyo hujihami kwa kemia. Mbegu za muarobaini zina azadiraktini, kemikali inayovuruga homoni zinazomwezesha kiwavi kujivua ngozi. Asipojivua hakui, na mwishowe hufa. Kuvu nao wana vita vyao: penisilini huwazuia bakteria kujenga kuta za seli zao. Kwa asili yake, basi, sehemu kubwa ya kinachoitwa dawa ni silaha ya kiumbe kisichomjua mgonjwa.

Dini zimefundisha vingine. Kitabu cha Yoshua bin Sira kinasema Mungu ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini, na Hadithi iliyopokewa na Bukhari inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa yake. Huko Ulaya, tabibu Paracelsus na wafuasi wake walikwenda mbali zaidi: walidai kila mmea umepigwa alama ya kazi yake, hata kokwa ya jozi, kwa kufanana na ubongo, ikadhaniwa hutibu kichwa. Dai hilo limeanguka. Mafundisho ya awali hayakuanguka nalo, kwani hayakuahidi kwamba dawa itajulikana kwa sura.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Miaka ya 1970 mwanasayansi Mjapani Akira Endo alichunguza maelfu ya kuvu, akitumaini kuwa baadhi hutoa kemikali za kuwazuia washindani wao kutengeneza steroli. Katika Penicillium citrinum alipata kompaktini, statini ya kwanza kujulikana, yenye kushusha kolesteroli. Inafanya kazi kwa binadamu kwa sababu kimeng'enya inachokizuia kimo katika kuvu na katika ini la mtu vilevile. Udugu huo wa viumbe ndio unaoigeuza silaha kuwa tiba, na ndio huohuo unaomuua mla uyoga wa Amanita phalloides, ambao sumu yake huzima kimeng'enya cha kunakili jeni ndani ya seli za ini. Anayesema statini iliwekwa kwa ajili ya moyo hana budi kueleza sumu hii iliwekwa kwa ajili ya nini.

Jibu lenye nguvu zaidi linapatikana kwa Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13: Mungu hutenda kupitia sababu za asili, nazo hubaki sababu za kweli. Kwa mtazamo huu kuvu hupigania uhai wake kikwelikweli, wala uponyaji wa mgonjwa hauhitaji kuvu akusudie lolote. Kemia haiwezi kulithibitisha jibu hili, lakini pia hailikanushi. Linachofanya ni kuhamisha mzigo: ikiwa maumbile hayakuitenga dawa na sumu, kazi ya kuzitenga inabaki kwa akili ya binadamu, na chombo chake ni kipimo. Tabibu Mwingereza William Withering aliwafuatilia wagonjwa kwa takriban miaka 10 kabla ya kuchapisha, mwaka 1785, namna ya kuwapa wenye kuvimba mwili dijitalisi, dawa ya moyo itokanayo na mmea, maana kiasi kinachousaidia moyo kiko karibu mno na kile kinachousimamisha.