Dhahabu Katika Kopo la Mjane



Mkristo mmoja, sonara kwa kazi yake, alinijia usiku moyo wake ukiwa mzito. Amenipa ruhusa niyaandike haya bila jina lake. Bibi mjane alimletea kopo la vitu vya kale vya ukoo wa marehemu mumewe: bangili zilizoingia weusi, kijiko, na sarafu chache. Akamwambia, "Mwanangu, nipe bei ya shaba, nimnunulie mjukuu wangu madaftari." Sonara akavimwaga mezani, akaona kati ya sarafu za shaba moja ndogo yenye picha ya tembo. Akanyamaza. Akalipa bei ya shaba kwa vyote, naye bibi akashukuru, akaenda zake.

Sarafu ile ilipigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, Wadachi walipotumia dhahabu ya Sekenke kutengeneza rupia 15. Mwaka ule ule walipiga huko pia heller za shaba ya manjano, na ni hizo heller zilizotupa neno letu hela. Si ajabu mtu asiyesoma akizichanganya, kwa maana rangi zao zakaribiana.

Sonara hazichanganyi. Yeye hayaamini macho peke yake: bangili nyeusi yaweza kuwa fedha kweli, na king'aacho chaweza kuwa shaba iliyopakwa. Sumaku nayo ni shahidi dhaifu, maana haivuti dhahabu wala fedha, lakini haivuti shaba pia. Basi hupima uzito. Dhahabu safi yashinda uzito wa maji ya ujazo ule ule mara 19, fedha mara 10 na nusu, shaba haifiki 9. Kisha hukisugua kitu juu ya jiwe lake jeusi, akadondosha asidi ya nitriki juu ya mstari. Wa shaba hutoweka, wa dhahabu hubaki. "Nilivifanya hivyo vyote bibi alipokwisha kuondoka," aliniambia, "lakini nilijua tangu mkono wangu ulipoishika."

Kisha akasema, "Mchungaji, sikusema uongo. Bei aliitaja mwenyewe. Je, nimeiba?"

Swali hili ni la kale. Cicero wa Rumi, katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anauliza habari za mtu auzaye dhahabu akidhani ni shaba: je, mtu mwema amwambie, ama anunue kwa dinari moja kitu cha dinari elfu? Anawataja wanafalsafa wawili walioshindana katika mambo ya namna hii. Diogenes wa Babeli alishika kwamba kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, alikataa, akasema watu wote wameungana, wala haifai kumficha mwenzako limfaalo.

Nakiri kwamba hoja ya Diogenes ina nguvu. Ujuzi wa sonara ulimgharimu miaka, naye angeweza kudai ujira wa kupima. Tena kama masonara wawili wangaliuziana, nisingalisema neno. Lakini bibi hakuja kushindana naye. Alikuja kwa sababu yeye anajua, akamwita mwanangu. Alipohesabu bei ya shaba mkononi mwake, mkono ule ulinena: hii ni shaba. Na Luther, akiieleza amri ya saba katika Katekismo Ndogo, hatuachi penye kutochukua tu. Ataka tumsaidie jirani aitunze mali yake.

Najua mwalimu mmoja atanikumbusha Mathayo 13, yule aliyeona hazina, akaificha, akalinunua shamba. Lakini Bwana alikuwa akifundisha thamani ya Ufalme, si namna ya kununua mashamba. Hata hivyo, mtu yule aliuza vyote alivyo navyo. Sonara wetu hakuuza hata kigoda.

Nilipomwambia haya alikaa kimya kitambo. Akauliza kama yatosha kurudisha nusu. Nikamjibu aende na sarafu yenyewe, aitaje kwa jina lake, aombe ujira wake wa kupima, na bibi aamue. Akasema aona haya, kwa kuwa nyumba ya bibi i karibu na kisima, na watu huwa wengi pale.

Asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, nilimwona akishuka njia ya kisimani, kitu kimefungwa katika leso yake.