Sheria ni ya Wengine

Kuvunja sheria ndogo si sawa na kuipinga. Mwaka 2017 kijiji cha Ololosokwan, wilayani Ngorongoro, na vingine vitatu vya Loliondo vilifungua kesi dhidi ya serikali ya Tanzania katika Mahakama ya Afrika Mashariki kuhusu ardhi yao. Anayepinga hivyo husimama hadharani, akataja jina lake na kusubiri hukumu. Dereva wa mwendo kasi hana kesi na mtu. Kibao cha 50 anakikubali, tena angefoka akiona gari linapita mbio mbele ya shule ya mwanawe. Anachofanya ni kujitoa yeye tu: leo kachelewa, breki nzima, njia anaijua. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliona hili mwaka 1785: mkosaji hataki kanuni ife, hutaka ibaki kwa wote, ila yeye aruhusiwe mara hii moja.

Kwa aliyejitoa hivyo, kinachobaki kumzuia ni hofu ya kukamatwa; hapo ndipo faini inapochukua nafasi ya sheria. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti, inayopakana na Ololosokwan, mwendo hautakiwi kuzidi kilometa 50 kwa saa. Nje, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka 50 hiyo hiyo kwenye makazi. Dereva anayenyata ndani, kisha akakanyaga mafuta akishatoka getini, alikuwa akimtii askari, si sheria, maana ndama wa kijijini hajui kukwepa gari kumshinda pundamilia. Kwenye lami ya Karatu madereva huonyana kwa kuwashiana taa: mbele kuna tochi ya kupima mwendo. Ni ukarimu wa kweli, ila taa hizo hutangaza trafiki. Hazitangazi mteremko wa Rhotia, ambako tarehe 6 Mei 2017 wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walikufa basi lao dogo lilipotumbukia korongoni.

Wamaasai wana olokeri, malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Hayalindwi na askari wa sare. Nayo huvunjwa, hasa ukame ukizidi, na wazee wana namna yao ya kumtoza aliyevunja. Lakini anayeingiza ng'ombe wake humo anajua ndama wa nani watalala njaa, na jioni atakutana na mwenye ndama hao. Dereva apitaye njia hana wa kukutana naye. Kabakiwa na trafiki tu. Kwa hiyo kuongeza tochi kutapunguza mwendo pale tochi ilipo, na hakutavuka hapo.