Moshi Ambao Hatukuwa Nao

Mwezi uliopita, watu walipokuwa wakisalimiana nje baada ya ibada, palizuka mabishano juu ya gari. Mwenzetu mmoja, mwalimu, alikuwa amenunua Toyota Prius iliyokwisha kutumika Japani, nayo ilisimama pale chini ya mwarobaini iking'aa. Akatuambia kwamba tangu sasa ameiacha dhambi ya moshi. Mwenzetu mwingine, dereva wa teksi, ambaye naye ana gari la namna ile ile, akamjibu, "Mwalimu, wewe hukuwa na moshi wa kuacha. Ulikuwa unapanda daladala pamoja nasi." Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka, na neno lile likatufuata mpaka nyumbani.

Yafaa kwanza tulieleze gari lenyewe, maana wengi wetu huliona likipita kimya kimya bila kujua linakwendaje. Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Haibridi ya kawaida haichomekwi ukutani. Umeme wake huutengeneza lenyewe. Katika gari jingine, dereva akikanyaga breki, nguvu ya mwendo hugeuka joto na kupotea bure. Katika haibridi sehemu ya nguvu ile hurudi kwenye betri, kisha husaidia kuliondoa gari tena. Tena likisimama katika foleni, injini mara nyingi huzimika yenyewe. Wazo hili si geni, kwani Ferdinand Porsche alitengeneza gari la namna hii mwaka 1900, lakini halikuenea. Toyota walianza kuiuza Prius huko Japani mwezi wa Desemba 1997.

Faida yake ni ya kweli, wala hatutaki kuidharau. Prius ya mwaka 2010 hutumia lita 5 hivi kwa kilomita 100, mahali ambapo gari la kawaida la ukubwa ule hula lita 8. Faida huonekana zaidi mjini, penye kusimama na kuondoka. Katika barabara kuu, ambako breki haziguswi sana, hupungua. Na kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ya ukaa. (Kijana mmoja alituuliza lita isiyofika kilo moja yawezaje kuzaa kilo mbili na zaidi. Jibu ni kwamba kaboni ya petroli huungana na oksijeni ya hewa, na uzito mwingi hutoka huko.) Zaidi ya hayo, yuko mama lishe anayepika kando ya barabara siku nzima. Yeye hana gari, wala hatakuwa nalo, lakini kila injini inayozimika mbele ya jiko lake ni nafuu ya kifua chake.

Sasa na tuwahesabu wenzetu wawili. Tuseme dereva wa teksi huenda kilomita 40,000 kwa mwaka. Gari lake la zamani lilikuwa likila lita 10 kwa kilomita 100, basi alichoma lita 4,000. Sasa huchoma 2,000. Amepunguza kilo 4,600 za hewa ya ukaa, na fedha zimebaki mfukoni. Mwalimu naye huenda kazini na kurudi, kilomita 10,000 kwa mwaka. Kwa gari lake jipya atachoma lita 500. Lakini alipokuwa akipanda Coaster yenye watu 30, inayokula tuseme lita 20 kwa kilomita 100, fungu lake halikufika hata lita 70 kwa mwaka. Gari ni lile lile, sifa ni zile zile, ila mmoja ameshuka na mwingine amepanda.

Hapo ndipo tunapoona shida ya roho zetu. Mwalimu alijilinganisha na mtu mwenye gari kubwa la moshi, akajiona mwema. Lakini mtu yule hakuwa yeye. Ni rahisi sana kujihesabia haki kwa ubaya ambao hatukuwa tukiutenda. Je, mtu ambaye hakunywa pombe maisha yake yote, akaanza kunywa chupa moja kila jioni, atasema amepunguza kwa kuwa jirani yake hunywa tatu?

Lakini dereva wa teksi naye asicheke sana. Tulipomwuliza, alikiri kwamba zamani alikuwa akiegesha na kungoja abiria, kwa kuogopa petroli. Siku hizi huzunguka mjini gari likiwa tupu, kwa kuwa "halili kitu". Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kwamba injini za mvuke zilipoanza kutumia makaa kidogo, nchi haikutumia makaa machache; ilitumia mengi zaidi, maana kazi nyingi mpya ziliweza kufanywa kwa bei nafuu.

Juu ya betri tutasema machache. Magari haya hutufikia yakiwa yamekwisha kula miaka yao bora huko Japani, na betri ikichoka inachokea mikononi mwetu. Betri ya nikeli si ganda la ndizi la kutupa jalalani. Anayenunua na aulize mapema itapelekwa wapi.

Tulipomsomea mwalimu hesabu yake alinyamaza, kisha akasema, "Mmenihesabia petroli. Saa nilizosimama kituoni amezihesabu nani?" Alikuwa akiamka saa kumi za usiku, akirudi nyumbani watoto wamelala. Mama yake mzazi hawezi tena kupanda ngazi ya daladala, na kila mwezi hana budi kwenda kliniki. Hatukuweza kumwambia kwamba alikosa kununua gari. Tulimwambia tu kwamba asiliite toba.

Kwa muda wa majuma matatu sasa huwachukua majirani watatu wanaokwenda upande ule ule. Lita zile 500 zikigawanywa kwa watu wanne ni 125 kila mmoja. Daladala bado inawashinda, ila si kwa mbali sana. Majirani wanataka kumchangia petroli, naye hataki. Wao wanaona aibu kupanda bure kila siku, na mmoja ameanza kusema kwamba atarudi kituoni.