Makaburi ya Mafirauni na Ujira wa Fundi

Ndugu yetu mmoja alituuliza katika darasa, baada ya sala ya magharibi, kama yafaa Mwislamu kutoa fedha zake na kupanda ndege kwenda kutazama mahekalu na makaburi ya Mafirauni. Baadhi yetu walisema kuwa hiyo ni israfu, na kwamba nyumba za masanamu si mahali pa muumini kwenda kustarehesha macho yake. Wengine walijibu kuwa Qur'ani yenyewe yatuhimiza tutembee katika ardhi tukaangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Mimi nilikuwa pamoja na hawa wa pili, kwani nilikuwa nimekwisha kwenda. Lakini usiku ule sikusema yote niliyoyajua, na leo yanipasa kuyasema.

Tulikwenda watu watatu kutoka Mombasa. Hatukuingia katika makundi makubwa yanayochukuliwa kwa mabasi. Tulikodi gari dogo katika mji wa Luxor pamoja na dereva wake, na mwongozi mmoja, Mwislamu wa mji ule ule, aliyesoma maandishi ya Wamisri wa kale, akakaa nasi siku mbili.

Siku ya kwanza alitupeleka Karnak, tukapita katika ukumbi wenye nguzo 134 za mawe, zilizo kubwa kabisa zikifika urefu wa mita 21 hivi. Kisha tukaenda kwenye hekalu la Luxor, na humo tukaona jambo lililotufurahisha sana. Ndani ya hekalu lile mna msikiti, msikiti wa Abu al-Haggag. Ulipojengwa, karne nyingi zilizopita, hekalu lilikuwa limefukiwa na mchanga na vifusi, na watu wamejenga nyumba zao juu yake. Hatta katika karne ya 19 kulipofukuliwa, sakafu ya hekalu ilitokea chini kabisa, na mlango mmoja wa zamani wa msikiti ukabaki juu ukutani, hapana wa kuufikia. Tulisali alasiri mle, tukatoka tukisema kwamba wafalme waliojiita miungu wako chini, na jina la Mwenyezi Mungu latajwa juu yao. Maneno haya ni kweli. Lakini tuliyasema kwa namna ya watu wanaojisifu, kana kwamba ushindi ule ulikuwa ni wetu sisi.

Siku ya pili tulivuka ng'ambo ya magharibi ya Nili, tukaingia katika bonde la makaburi ya wafalme. Yajulikana huko makaburi zaidi ya 60, yaliyochongwa ndani ya mwamba. Mtu huteremka katika njia ndefu iliyopambwa rangi kutani, na rangi nyingine ni kama zilizotiwa jana. Tuliliona kaburi la Tutankhamun, alilolivumbua Howard Carter mwaka 1922, na maiti yake imo mle mle hatta leo, ndani ya sanduku la kioo. Tukaingia na katika kaburi la Ramesses wa tatu. Yeye hayumo. Makuhani wa zamani waliwahamisha wafalme wengi wakawaficha pamoja, kwa kuwakhofia wezi, na mwaka 1881 maiti hizo zilijulikana na serikali, zikapelekwa Cairo. Mwaka 2021 wafalme na malkia 22, na yeye akiwamo, walichukuliwa kwa maandamano makubwa mpaka katika jumba la makumbusho lililoko Fustat, mji ulioasisiwa na Amr bin al-As. Na mwaka 2012 wataalamu waliompiga picha za ndani ya mwili walitangaza kwamba mfalme huyu alikatwa koo.

Mwenzetu mmoja akasema, "Huu ndio mwisho wa madhalimu." Nasi tukamwitikia. Mwongozi wetu hakusema neno mpaka tulipotoka nje penye jua, ndipo alipotuambia, "Mashekhe, wenye makaburi mmekwisha waona. Twendeni sasa mkawaone walioyachimba."

Akatupeleka mahali paitwapo Deir el-Medina, nyuma ya kilima. Hapo hapana nguzo wala masanamu makubwa. Pana misingi ya nyumba ndogo za mawe, zimebanana ukuta kwa ukuta, na njia nyembamba kati yake. Ndipo walipokaa waashi, wachongaji na wachoraji wa makaburi ya wafalme, pamoja na wake zao na watoto wao. Hawakuwa watumwa. Walikuwa mafundi wenye ujira, na ujira wao ulikuwa ni ngano na shayiri kila mwezi, pamoja na samaki na mboga. Hatta maji walipelekewa, kwani penyewe hapana maji.

Katika mwaka wa 29 wa ufalme wa Ramesses wa tatu, yaani zaidi ya miaka 3,100 iliyopita, ujira ule ulichelewa. Siku zikapita, kisha wiki, na ngano haikuja. Mafundi wakaweka vyombo vyao chini, wakatoka kijijini kwao, wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu, wakasema kwamba njaa na kiu ndizo zilizowaleta pale, na kwamba hawana nguo, wala mafuta, wala samaki, wala mboga. Karani mmoja aliyaandika hayo katika karatasi ya mafunjo, na karatasi hiyo imehifadhiwa leo katika mji wa Turin, Italia. Ni katika khabari za kale kabisa za mgomo wa wafanya kazi zilizotufikia. Walitulizwa kwa maneno, wakapewa kidogo, wakacheleweshewa tena, wakatoka tena. Na mara moja waliambiwa kwamba ghalani hamna kitu, wakapewa nusu ya haki yao.

Kisha mwongozi akatupeleka kwenye hekalu la mfalme yule yule, Medinet Habu, ambalo kwa gari si mbali. Juu ya ukuta wake wa nje pamechongwa hesabu ya mikate na nafaka na vinywaji vya kutolewa kwa masanamu katika sikukuu zao, sikukuu baada ya sikukuu, safu kwa safu. Akatuonyesha kwa kidole, wala hakuongeza neno. Ama mimi, pale nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwangu ndiyo niliyoificha darasani.

Kabla ya safari ile nilikuwa nimejengewa ukuta wa uani na fundi mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima kuliko mimi. Kazi aliimaliza vizuri. Nilimlipa sehemu, na sehemu ikabaki. Siku mbili kabla ya kuondoka alinijia mlangoni, akasema kwa adabu, "Maalim, nimekuja kwa ile baki yangu." Nikamjibu, "Nikirudi safari, inshallah." Na fedha nilikuwa nazo. Zilikuwa ndizo hizo nilizozichukua Misri.

Yafaa tuliangalie jambo hili vizuri, kwani ndilo swali lenyewe. Sikumnyima fundi haki yake. Niliikiri deni, na niliazimia kulipa. Hatta mfalme yule hatukuelezwa kwamba alisema, "Sitalipa." Mwenye kuchelewesha daima hujiona yu mbali na mwenye kudhulumu, kwa kuwa neno "nitalipa" liko mdomoni mwake. Lakini wiki tatu kwa mwenye kudaiwa ni wiki tatu tu, na kwa mwenye kudai ni chakula cha wiki tatu. Aliyechelewesha amechukua kitu cha mwenziwe, naye hakihesabu kwa kuwa hakukishika mkononi. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alituagiza tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na akatufundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha deni, huko kuchelewesha ni dhulma. Na mimi juu ya hayo niliitia "inshallah", neno la kumtegemea Mwenyezi Mungu, nikalifanya pazia la kujifichia.

Huenda msomaji akasema kwamba nimevuka mpaka, kwani dhulma ya Firauni wa Nabii Musa (a.s.) ilikuwa ni kuua watoto na kudai uungu, na baki ya fundi si kitu mbele ya hayo. Ni kweli, si sawa, wala sisemi kwamba Ramesses wa tatu ndiye Firauni yule. Lakini ibra ya jambo kubwa hutufikia kwa njia ya jambo dogo lililo mikononi mwetu. Hapana hatta mmoja wetu atakayepata jeshi wala bahari ya kuzama ndani yake. Tutakachopata sisi ni mtumishi wa nyumbani, mchukuzi, dereva, fundi anayesimama mlangoni. Hapo ndipo kila mmoja wetu hujulikana yu upande gani.

Jioni ile tulimlipa dereva wetu mkononi kabla ya kushuka garini. Nilipofika Mombasa nilikwenda nyumbani kwa fundi kabla ya kufungua mizigo yangu. Sikumkuta. Mkewe aliniambia kwamba amekwenda Malindi kutafuta kibarua, kwa kuwa ada ya skuli ya mtoto haikungoja. Nikamkabidhi zile fedha zote. Lakini siku alizokaa mbali na watoto wake kwa ajili yangu sikuwa na namna ya kuzirejesha, na mpaka aliporudi nikamtaka radhi, moyo wangu haukutulia.

Basi nikiulizwa tena kama yafaa kwenda kuyaona makaburi ya Mafirauni, nitajibu kuwa yafaa kwa mwenye kukwenda kujitazama nafsi yake. Ama akwendaye ili aseme, "Hawa walikuwa wabaya," na arudi alivyo, huyo amefanya israfu hatta kama safari yake amelipiwa na mtu mwingine. Na aliye na deni la mfanya kazi, na alianze hilo kwanza. Huenda baada ya kulilipa asibakiwe na nauli, na mazingatio yote akawa ameyapata hapo hapo mlangoni pake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe aibu zetu kabla ya kutuonyesha za wenzetu, na atuwezeshe kutoa haki za watu tungali hai. Amin.