Kula cha Mwenyeji



Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja zaonekana kugombana. Moja yasema, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Nyingine yasema, "Mwacha mila ni mtumwa." Basi msafiri aliye katika nchi ya kigeni, akitengewa chakula asichokijua, ashike ipi?

Tuchukue mfano wa Ethiopia. Huko watu wengi hula injera, mkate mpana na laini wa unga wa tefu, nafaka ndogo sana. Unga hukorogwa, huachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hupikwa juu ya kikaango kipana. Mchuzi huwekwa juu yake, na wote hula kwa mkono katika sinia moja. Tena mwenyeji aweza kufinya tonge na kumtia mgeni kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Desturi hiyo huitwa gursha, nayo ni alama ya upendo na heshima. Mgeni aliyezoea ugali aweza kushtushwa na ule uchachu, na zaidi na ule mkono.

Wengine husema chakula ni jambo la ulimi tu. Asiyependa na aache. Mimi naona sivyo. Mwenyeji hakutenga nafaka peke yake. Ametenga kazi yake, siku za kungoja, na pengine akiba ya nyumba. Nasi tumefundishwa sana kutoa, lakini kupokea hatukufundishwa. Apokeaye hukubali kuwa mdeni. Yeye asafiriye na chakula chake mfukoni, asiguse cha mtu, amejilinda asiwe na deni kwa yeyote. Hapo kiburi hujificha nyuma ya tumbo.

Je, mgeni ale kila kitu? La. Huko huko Ethiopia wako wapendao nyama ya ng'ombe mbichi, nayo yaweza kuleta tegu. Mtume Paulo aliwaruhusu Wakorintho kula walichoandaliwa bila kuulizauliza, lakini aliweka na mpaka kwa ajili ya dhamiri. Kukataa chakula si kumkataa mtu, mradi mgeni asikunje uso, wala asiende kwao kukisimulia kama kichekesho. Na yule aonjaye kila kitu ili apate la kujisifia nyumbani, huyo naye hakula na mwenyeji, amekula tu.

Kwa hiyo methali zile hazigombani. Mila yako ishike, na mkono unyoshe kwenye sinia. Baada ya chakula Waethiopia huandaa kahawa, vikombe vitatu, kimoja baada ya kingine, na cha tatu huitwa baraka. Aondokaye baada ya cha kwanza kwa kuwa ana haraka, ameiacha hapo. Tukisafiri, ndugu zangu, tukae mpaka cha tatu.